Surua ya Faroe, 1846: Kirusi Kilekile, Magonjwa Mawili

Tarehe 20 Machi 1846, fundi seremala mmoja alipanda meli mjini Copenhagen kurudi Tórshavn, mji mkuu wa Visiwa vya Faroe, ambavyo vilikuwa chini ya Denmark. Alifika tarehe 28 akiwa mzima wa afya. Mwanzoni mwa Aprili akashikwa na surua. Alipohojiwa alieleza kwamba muda mfupi kabla ya kusafiri alikuwa amekwenda kuwajulia hali wagonjwa wa surua huko Copenhagen. Wiki mbili hivi baada yake, rafiki zake wawili wa karibu nao wakatokwa na upele.

Ndani ya miezi sita hivi, watu wapatao 6,000 kati ya wakazi 7,782 wa visiwa vyote walikuwa wameugua. Zaidi ya 100 walifariki.

Copenhagen alikotoka fundi yule, surua ilikuwa ugonjwa wa utotoni. Mtoto aliugua, akapona au akafa, na aliyepona hakuugua tena. Kirusi kilichopanda meli hakikubadilika katika siku nane za safari. Hakikuwa kikali zaidi, wala hakikuwa kipya duniani. Kilichobadilika ni watu kiliowakuta kiliposhuka. Ndiyo sababu naona kisa hiki kinafaa kuliko vingi kueleza tofauti kati ya ugonjwa wa mlipuko na ugonjwa uliojikita mahali, yaani unaojiendesha hapo bila kuletwa upya: kirusi ni kimoja na mwaka ni mmoja, kwa hiyo tofauti yote inabidi itafutwe kwingine.

Wengi wetu tumezoea kuitafuta kwenye ukali. Ugonjwa unaoua ghafla tunauita mlipuko, ule wa siku zote tunauona mdogo. Wengine wanahesabu vichwa: wagonjwa wengi ni mlipuko, wachache si mlipuko. Vipimo vyote viwili vinapotosha, na kupotoka huko kuna madhara, kwa sababu serikali, wafadhili na hata familia hupanga hatua zao kwa kufuata jina ambalo ugonjwa umepewa.

Miaka 65 bila surua

Faroe ni visiwa 18 katika Atlantiki ya Kaskazini, kati ya Norway, Iceland na Scotland. Mwaka 1846 visiwa 17 vilikuwa na watu, wengi wao wakiishi katika vijiji vidogo vya pwani na kutembeleana kwa mashua. Biashara yote ya nje ilikuwa mikononi mwa ukiritimba wa kifalme wa Denmark, ambao haukukomeshwa hadi 1856. Meli zilizoingia zilikuwa chache, na wageni walikuwa wachache vilevile.

Surua ilikuwa imefika huko mara ya mwisho mwaka 1781. Ilienea, ikaisha, na kwa miaka 65 haikuonekana tena. Maana yake ni kwamba mwaka 1846 karibu kila mtu wa chini ya umri wa miaka 65 hakuwa na kinga yoyote, isipokuwa wale wachache walioipata ugenini. Mvuvi wa miaka 40, mkewe, mama yake wa miaka 60 na mtoto wa miezi mitatu, wote walikuwa sawa mbele ya surua.

Serikali ya Denmark ilituma madaktari wawili vijana, Peter Ludwig Panum na August Manicus. Panum alikuwa hajatimiza miaka 26. Alizunguka kijiji kwa kijiji akiuliza kila nyumba nani aliugua, lini, na alikutana na nani kabla ya kuugua. Ripoti aliyoichapisha mwaka 1847 bado inasomwa na wanafunzi wa epidemiolojia, elimu ya namna magonjwa yanavyoenea katika jamii. Wakati ule hakuna aliyejua kirusi ni nini. Kirusi cha surua kilikuja kutengwa maabara mwaka 1954. Panum alikuwa na daftari, kalenda na subira tu, na hivyo vilimtosha.

Wanaume kumi wa Tjørnuvík

Kati ya yote aliyoyaandika, mfano mmoja unastahili kutazamwa kwa karibu. Tarehe 4 Juni, wanaume kumi kutoka Tjørnuvík, kijiji kilicho kaskazini mwa kisiwa cha Streymoy, walikwenda kwa mashua hadi Vestmanna kushiriki uvuaji wa nyangumi. Uvuaji huo wa Faroe hukusanya watu wengi: kundi la nyangumi wadogo weusi husukumwa na mashua hadi kwenye ghuba, kisha watu wa vijiji jirani hushuka ufukweni kuua, kukata na kugawana nyama. Ni siku ya kubanana bega kwa bega.

Tarehe 18 Juni, siku 14 baadaye, wanaume wote kumi walitokwa na upele. Kukafuata kimya. Halafu, kati ya siku ya 12 na ya 16 baada ya hapo, sehemu kubwa ya wanakijiji waliobaki wakaugua karibu kwa mpigo.

Ukiyaangalia matukio hayo bila tarehe, unaona kijiji kimeangamizwa na kitu kilichotoka hewani. Madaktari wengi wa zama zile ndivyo walivyoamini, kwamba hewa chafu ndiyo huzaa maradhi. Ukiweka tarehe, unaona ngazi: kukutana, wiki mbili, wagonjwa kumi, wiki mbili, kijiji. Panum aliikuta ngazi hiyohiyo kijiji baada ya kijiji, akahitimisha kwamba surua haitokani na hewa ya mahali bali hupita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, na kwamba upele hutokea siku ya 13 au 14 baada ya kuambukizwa. Leo tunajua homa huanza karibu siku ya 10, upele karibu siku ya 14, na mgonjwa huambukiza wengine kuanzia siku nne kabla ya upele hadi siku nne baada yake. Kijana wa miaka 25 alikaribia sana hesabu hiyo bila darubini.

Kulikuwa pia na wazee. Panum aliwakuta watu 98 waliokuwa wameugua surua mwaka 1781 na bado wako hai. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeugua tena mwaka 1846, ingawa waliishi nyumba moja na wagonjwa. Wazee wa umri uleule ambao mwaka 1781 surua iliwapita waliugua kama vijana. Kwa hiyo uzee haukuwa kinga; kinga ilikuwa ni kule kuugua mara moja, na ilidumu miaka 65 bila kirusi kurudi kuiamsha. Kwa sayansi ya chanjo iliyokuja baadaye, uchunguzi huu una thamani isiyo na kifani.

Kwa nini surua haikubaki Faroe

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na ndipo simulizi nyingi za mwaka 1846 hupita haraka mno. Swali la kwa nini surua iliwaka vile ni jepesi: watu hawakuwa na kinga. Lililo gumu zaidi ni kwa nini, baada ya kupata watu 6,000, haikuweka makazi. Kwa nini mwaka 1847 haikuendelea kupita kwa watoto wachanga, kama ilivyofanya katika miji ya bara?

Jibu liko kwenye mahitaji ya kirusi chenyewe. Kirusi cha surua hakina mnyama wa kujifichia, hakiishi majini wala ardhini, na mtu aliyepona hubaki na kinga maisha yake yote. Ili kisife, kila baada ya wiki mbili hivi lazima kimpate mtu mwingine asiye na kinga. Wiki mbili zikipita bila mtu wa aina hiyo kuwa karibu na mgonjwa, mlolongo umekatika. Ukishakatika mahali pote, hakuna kilichobaki. Itabidi meli nyingine ilete mgonjwa mwingine.

Tufanye hesabu ya kukadiria tu, ili picha ionekane. Tuseme katika kila watu 100 wanazaliwa watoto 3 kwa mwaka. Faroe, kwa watu wake 7,782, ingepata watoto 233 hivi kwa mwaka, sawa na watoto 9 kila wiki mbili, nao wametawanyika katika visiwa 17 vyenye bahari kati yake. Kirusi kinachohitaji mtu mpya kila wiki mbili hakiwezi kuishi kwa watoto tisa walio mbalimbali hivyo. Jiji la watu 500,000, kwa kiwango hichohicho, lingepata watoto 15,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya 570 kila wiki mbili, wakikaa mitaa inayogusana. Hapo kirusi hakikosi riziki. Kikiisha mtaa mmoja kinakuwa kimeshahamia wa pili, na kikirudi wa kwanza kinakuta watoto wapya.

Hesabu hii si ya kubuni tu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, mwanahisabati Maurice Bartlett alipitia rekodi za surua za miji ya Uingereza na Marekani akiuliza mji unapaswa kuwa mkubwa kiasi gani ili surua isipotee kabisa kati ya wimbi moja na lingine. Alipata watu kati ya 250,000 na 300,000. Mwaka 1966 mtafiti Francis Black aliuliza swali hilohilo kuhusu jamii za visiwani, akapata kizingiti kikubwa zaidi, karibu watu 500,000, kwa sababu visiwa havina jirani wa kuvirudishia ugonjwa kirahisi. Faroe ya 1846 haikufika hata sehemu ya hamsini ya kizingiti hicho.

Msomaji makini atauliza kuhusu Copenhagen yenyewe. Miaka ile ilikuwa na watu zaidi ya 120,000 hivi, chini ya kizingiti cha Bartlett. Swali ni la haki, na jibu lake linaongeza kitu: Copenhagen haikuwa kisiwa kwa maana ya maradhi. Ilikuwa bandari yenye meli za kila siku, barabara na masoko yaliyoiunganisha na Ulaya nzima. Ugonjwa hujikita katika mtandao wa watu wanaokutana, na mpaka wa mtandao huo si lazima uwe mpaka wa mji au wa nchi. Ukichora ramani ya magonjwa kwa kufuata mipaka ya kiserikali peke yake, utakuwa unaandika Copenhagen na Tórshavn kama nchi moja. Kiserikali zilikuwa moja kweli, lakini kwa surua zilikuwa dunia mbili.

Jambo hilohilo linatufikisha mbali zaidi nyuma. Surua ni ndugu wa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia pafu la mgonjwa aliyekufa Berlin mwaka 1912, ulikadiria kwamba virusi hivyo viwili huenda viliachana mapema kama karne ya 6 kabla ya Kristo. Huo ni wakati ambapo miji ya watu zaidi ya 250,000 ilikuwa imeanza kuwepo. Kabla ya hapo, hata kama surua ingeruka kutoka kwa ng'ombe mara mia, isingepata jamii ya kutosha kuishi ndani yake. Kwa lugha nyingine, surua ni ugonjwa ambao haukuweza kuwa wa binadamu mpaka binadamu walipojaa mahali pamoja.

Umri wa mgonjwa unasema mengi

Ukipewa orodha ya wagonjwa wa surua bila jina la mahali wala mwaka, tazama umri kwanza. Pale ugonjwa ulipojikita, wagonjwa karibu wote ni watoto, kwa sababu watu wazima walishakutana nao zamani. Pale ulipoingia kama mgeni, orodha inakuwa na watoto wachanga, vijana, wazazi na mababu kwa pamoja. Orodha ya Panum ilikuwa ya namna hiyo ya pili.

Tofauti hiyo ndiyo huzaa sehemu ya vifo. Mtoto wa Copenhagen akiugua, mama yake alikuwa mzima wa kumnywesha maji, kwa kuwa mama alishaugua utotoni. Tena mama aliyewahi kuugua humpitishia mwanawe kinga akiwa tumboni, nayo humlinda katika miezi ya mwanzo, umri ambao surua huwa hatari sana. Mama wa Faroe hakuwa na kinga ya kupitisha. Yeye na mtoto waliweza kuangukia kitandani wiki moja, pamoja na baba aliyekuwa avue samaki na jirani aliyekuwa aje kuwaangalia. Panum aliona vifo vikiwalemea hasa watoto wa chini ya mwaka mmoja na watu wa umri mkubwa.

Fiji mwaka 1875 ilionyesha hali hii katika ukatili wake wote. Surua iliingia kwa meli ya kivita ya Uingereza, HMS Dido, iliyomrudisha mtawala Cakobau na wanawe kutoka Sydney. Katika miezi michache walikufa watu wanaokadiriwa kuwa 40,000 kati ya 150,000 hivi. Wengi hawakuuawa na kirusi pekee. Waliuawa na kuhara, nimonia na njaa, katika vijiji ambamo hakukubaki mtu wa kuteka maji. Naumia kila ninaposoma habari hizo, kwa sababu sehemu kubwa ya vifo hivyo ingeepukika kwa maji, chakula na mtu mmoja mwenye nguvu ndani ya nyumba.

Mwaka huohuo wa 1875 surua ilirudi Faroe. Safari hii waliougua walikuwa watu wa chini ya miaka 30, yaani waliozaliwa baada ya 1846. Ukitaka kuona namna watu wasio na kinga wanavyolimbikizana kimyakimya kati ya mlipuko mmoja na mwingine, mfano ndio huo. Mlipuko wa 1846 ulianza kulimbikizwa siku ile wa 1781 ulipoisha.

Kujikita si upole

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa maana ndipo penye kosa linalogharimu maisha. Katika miaka ya hivi karibuni tumesikia mara nyingi watu wakitamani ugonjwa fulani «ujikite» ili wapumzike, kana kwamba kujikita ni kupona kwa jamii. Kisa cha Faroe hakiruhusu tafsiri hiyo. Vifo mia moja na kidogo vya Faroe vilimleta Panum na vikaacha ripoti inayosomwa hadi leo. Surua iliyojikita katika miji mikubwa ya dunia iliendelea kuua watoto mwaka hadi mwaka, na ilipofika miaka ya kabla ya chanjo ya 1963, Shirika la Afya Duniani linakadiria iliua watu milioni 2.6 kila mwaka. Milioni hizo hazikuwa mlipuko kwa maana kali ya neno. Zilikuwa idadi iliyozoeleka.

Malaria ni shahidi mwingine. Mwaka 2023 iliua watu wapatao 597,000 kwa makadirio ya shirika hilohilo, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano barani Afrika, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea pale ilipojikita kabisa. Katika maeneo hayo mtu mzima amepata kinga ya sehemu baada ya kuumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi, na mzigo unamwangukia mtoto. Panda kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako mbu wenye vimelea ni wachache, na malaria hiyohiyo huja kwa milipuko katika miaka ya joto na mvua nyingi, ikiwalaza wazima na watoto pamoja. Kwa umbo, ni Copenhagen na Faroe tena, ila safari hii anayebeba ni mbu.

Kwa hiyo neno «kujikita» linaeleza mambo mawili tu: kwamba ugonjwa unajiendesha wenyewe mahali hapo bila kuhitaji kuletwa upya, na kwamba idadi ya wagonjwa inatabirika kwa kiasi fulani. Halisemi chochote kuhusu kama idadi hiyo inavumilika. Hilo ni uamuzi wa watu, na mara nyingi limeamuliwa kwa kutoamua.

Idadi iliyotarajiwa

Mlipuko, kwa upande wake, hupimwa dhidi ya kilichotarajiwa mahali fulani kwa wakati fulani. Tórshavn ya Aprili 1846 ilitarajia wagonjwa sifuri. Kwa hiyo marafiki wawili wa fundi seremala walitosha kuitwa mlipuko, ingawa wangekuwa Copenhagen hakuna ambaye angeandika hata mstari.

Pale ambapo ugonjwa umejikita, kazi ni ngumu zaidi, maana lazima ujue cha kawaida ndipo utambue kilichozidi. Miji ya Uingereza kabla ya chanjo ilipata surua nyingi karibu kila baada ya miaka miwili, kwa sababu wimbi moja lilimaliza watoto wasio na kinga na ilichukua muda wengine kuzaliwa na kufika shule. Kupanda na kushuka huko kulikuwa ndiyo mwendo wa kawaida wa ugonjwa uliojikita. Mtu aliyelinganisha mwaka wa wimbi na mwaka wa utulivu angepiga mbiu ya mlipuko bure. Aliyelinganisha wimbi na mawimbi yaliyopita ndiye aliyekuwa na kipimo.

Ndiyo maana wataalamu hawategemei hisia. Katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo, unaotoka Senegal hadi Ethiopia, ambako wagonjwa huonekana kila msimu wa kiangazi, wilaya yenye watu kati ya 30,000 na 100,000 huwekewa tahadhari wagonjwa wakifika 3 kwa kila watu 100,000 kwa wiki, na mlipuko hutangazwa wakifika 10. Ugonjwa umejikita na mlipuko umetokea, vyote kwa wakati mmoja na mahali pamoja. Hakuna mgongano. Kosa ni kudhani kwamba ni masanduku mawili, na ugonjwa ukishawekwa katika moja hauwezi kuingia katika lingine.

Nyumba ya takwimu ikiwa mbovu, haya yote huporomoka. Wilaya isiyojua ilipata wagonjwa wangapi mwezi kama huu miaka mitano iliyopita haiwezi kutambua mlipuko mapema, itautambua makaburini. Panum aliweza kusema kilichotokea kwa sababu Faroe ilikuwa na idadi ya wakazi inayojulikana na watu waliokumbuka 1781.

Jiji linapofanywa kisiwa

Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huambukiza wastani wa watu 12 hadi 18. Tuchukue 15. Ili mgonjwa huyo asimpate zaidi ya mtu mmoja, watu 14 kati ya kila 15 wanaomzunguka lazima wawe na kinga. Hiyo ni asilimia 93, na ndiko inakotoka asilimia 95 inayolengwa na mipango ya chanjo.

Rudi sasa kwenye jiji letu la watu 500,000 na watoto 15,000 kwa mwaka. Asilimia 95 ya watoto wakipata kinga, wasio na kinga wanaoongezeka ni 750 tu kwa mwaka, sawa na watoto wote wa mji wa watu 25,000. Kwa kirusi cha surua, jiji zima limepunguzwa likawa kisiwa. Kirusi kikiletwa na msafiri, kitawapata wachache na kuishia, kama kilivyoishia Faroe, ila bila maelfu ya wagonjwa. Nadhani hii ndiyo namna iliyo wazi zaidi ya kuelewa chanjo inafanya nini kwa ugonjwa uliojikita: inaondoa riziki ambayo watoto wanaozaliwa walikuwa wakikipa kirusi.

Ila kisiwa hicho kina tabia ya Faroe hata katika ubaya. Chanjo ikishuka kwa miaka kadhaa, hakuna kinachoonekana mwanzoni. Wasio na kinga wanaongezeka mmoja mmoja, wanakua, wanafika sekondari, wanakuwa wazazi. Siku msafiri anapofika, wagonjwa si watoto peke yao.

Kwa surua, Shirika la Afya Duniani limeweka mstari ulio wazi: nchi huhesabiwa kuwa imeuondoa ugonjwa ikiwa imepita miezi 12 au zaidi bila maambukizi yanayojiendesha ndani yake, na hupoteza hadhi hiyo mlolongo mmoja wa maambukizi ukiendelea kwa miezi 12. Mlolongo wa Faroe, ulioanza na fundi seremala, ulikatika baada ya miezi sita hivi. Ulikuwa mlipuko mkubwa kupindukia, na bado surua haikupata makazi.

Brazil ilipitia upande wa pili wa mstari huo. Mwaka 2016 bara zima la Amerika lilitangazwa kuwa limeondokana na surua. Mwanzoni mwa 2018 kirusi kiliingia Brazil kutokea Venezuela, kupitia majimbo ya kaskazini ya Roraima na Amazonas, na mwaka huo wagonjwa walizidi 10,000. Kufikia Februari 2019 mlolongo uleule ulikuwa umetimiza miezi 12, na Brazil ikapoteza hadhi yake. Idadi ya wagonjwa siyo iliyoamua. Kilichoamua ni kwamba kirusi hakikuhitaji tena mgeni wa kukileta. Ilichukua kampeni za chanjo na ufuatiliaji wa kila mgonjwa hadi mlolongo wa ndani ukatike mwaka 2022, na Novemba 2024 Brazil ikathibitishwa tena kuwa nchi ambayo surua haijajikita.